Jini Aliyeacha Kupiga Hodi

Alikuwako, na kama hakuwako basi wako wengi waliofanana naye, Sultani Raufu bin Mudhafari, mtawala wa mji wa Pungwani, mji wa nyumba nyeupe na mashamba ya minazi, na ukuta wake ulikuwa mnene hata punda wawili wenye mizigo walipishana juu yake bila kugusana. Na Sultani huyu hakuwa dhalimu. Nalisema mapema msije mkakaa mnamngoja awe dhalimu, hadithi ikawapita. Hakuchinja mtu, hakupora mtu, na akimwona mtoto wa watu amejikwaa njiani machozi humlengalenga. Alikuwa mwema, na ubaya wa wema wake ni kwamba ulijua kuingia, kutoka haujui.

Basi Sultani huyu alirithi kwa babu yake pete ya akiki nyekundu, na kwa pete hiyo alifungwa jini, jina lake Harisi, mrefu kama mnara akisimama, mwembamba kama uzi akipenda, macho yake rangi ya shaba na sauti yake kama mtungi mtupu unaopulizwa mdomoni. Makazi yake yalikuwa ndani ya kasha la njumu za shaba lililowekwa katika mnara wa lango, na kila adhuhuri hurudi humo kupumzika, na aliyemtaka alisimama mbele ya kasha akapiga hodi kwa adabu, hata yule babu yake Sultani mwenyewe.

Na babu huyo, ambaye alikuwa mzee mkorofi asiyemwamini mtu, wala jini, wala nafsi yake, alipomfunga Harisi alimpa kazi tatu na mpaka mmoja. Alinde ukuta asipite adui. Na alinde visima asipite mtia sumu. Na asimame sokoni, na mwenye kupunja mizani au kumpiga mwenziwe amshike mkono ampeleke kwa kadhi. Na mpaka ni kizingiti. "Ukifika kizingitini kwa mtu," alisema yule mzee, "awe na mlango wa msaji wenye nakshi au pazia la gunia, utapiga hodi. Ukijibiwa karibu, ingia. Ukipiga mara tatu usijibiwe, geuka urudi ulikotoka, na usichungulie dirishani." Na mambo yakaenda hivyo miaka na miaka, na watu wa Pungwani wakasahau kwamba lile lilikuwa jambo la kuagizwa, wakadhani ndivyo dunia ilivyoumbwa.

Ikatokea asubuhi moja nyumba ya Mzee Shomari, msuka mikeka, mtu mpweke asiye mke wala mtoto, ikashika moto. Na Harisi akaona moshi akaruka, na njiani akachota maji ya kisima kizima katika viganja vyake, akasimama kizingitini akaita, "Hodi!" Na Mzee Shomari moshi ulikwisha kumlaza chini, na aliyelazwa na moshi hajibu. Akaita mara ya pili na ya tatu. Kisha akasimama pale pale, na maji yake mkononi, mpaka paa likaanguka, na lilipokwisha kuanguka alikuwa bado amesimama, na maji yanamchuruzika vidoleni.

Watu wakaona, na wakalia, na wakaghadhibika, nao walikuwa na haki ya kughadhibika. Wakaenda barazani kwa Sultani, kundi zima, na katika kundi hilo alikuwamo mjane mmoja aitwaye Bi Mize, mkamuaji wa mafuta ya nazi, jirani wa Mzee Shomari ukuta kwa ukuta. Na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko zote.

"Bwana wetu!" alisema Bi Mize. "Tumeua mtu kwa adabu! Hodi, hodi, hata kwa maiti? Iondoe hodi hii, bwana, itatumaliza!"

Na wote wakasema, "Iondoe! Iondoe!"

Sultani Raufu akalia hadharani, na waziri wake, Shaibu, mtu wa ndevu nzuri na mkono laini, akamwinamia akamwambia, "Mola akuhifadhi, seyyid wangu. Ikiwa Harisi ataingia kuzima moto, kwa nini asiingie kabla ya moto? Ikiwa raia ni wanao, baba gani hupiga hodi chumbani kwa wanawe?"

Na neno hili likamkaa Sultani moyoni kama asali kwenye mkate. Akasimama, akaisugua pete, na Harisi akatokea, na Sultani akasema maneno haya, nami nawaomba myashike: "Ewe Harisi, mtumwa wa pete! Kuanzia leo hodi nimeiondoa katika mji wangu. Ingia katika kila nyumba ya Pungwani, na umkinge kila mtu na kila dhara, na chochote kinachoweza kumdhuru mtu nyumbani mwake kichukue ukiweke ghalani."

"Labeka, bwana wangu," akasema Harisi. Na watu wakapiga vigelegele. Bi Mize naye alipiga.

Mwanzoni ilikuwa neema. Harisi alimtoa nyoka darini kwa huyu, akamwamsha yule aliyesinzia na taa inawaka, akamdaka mtoto wa mtu kabla hajatumbukia kisimani. Watu wakasema tulichelewa wapi. Lakini jini ni jini, ukimpa kazi haifanyi nusu, na dhara, ukilitafuta kwa bidii, hulikosi mahali.

Akaanza na visu. Kisha pilipili, kwa sababu huwasha. Kisha akaingia jikoni kwa Bi Kazija, jirani wa Bi Mize wa ng'ambo ya uchochoro, mjane mnene mwenye maneno makali, akaichukua mbuzi yake ya kukunia nazi.

"We! Mbuzi yangu unaipeleka wapi?"

"Ghalani, mama. Ina meno."

"Na wewe huna? Nazi nitakunia nini sasa, kucha?"

Harisi akamtazama kucha zake kwa makini, na Bi Kazija akaficha mikono nyuma upesi upesi, maana aliona lile jicho la shaba linafikiri.

Kisha ikawa chumvi, mtu atiliwe kiasi. Kisha ikawa usingizi, mtu alale ubavu wa kulia. Kisha maneno, maana maneno nayo hudhuru, na mume akimpandishia mkewe sauti humkuta Harisi amekaa katikati yao juu ya mto, amekunja miguu, anatabasamu. Na kwa kuwa aliweza kuwa mwembamba kama uzi, hakuna aliyejua yuko wapi: pengine mtungini, pengine mvunguni, pengine katika mkunjo wa chandarua. Watu wakajifunza kula kimya na kugombana kwa macho. Mgeni akija, hutazamwa kwanza, kisha hutazamwa tena, na akiuliza habari za nyumbani huambiwa njema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Na hilo silo baya kuliko yote. Baya ni kwamba watu walianza kumtumia. Harisi akipita, mtu humnong'oneza, "Mimi kwangu salama, bwana, lakini ungepita hapo pembeni, nasikia huweka mchi mvunguni." Kila mmoja alimtaka atoke kwake, na kila mmoja alimtaka aingie kwa jirani. Na mtu aliyepokonywa kitu asubuhi hakumkasirikia jini, hapana, alikaa mpaka jioni akifikiri nani amemsema.

Sasa huyu Bi Mize alikuwa na binti mmoja, Shuwena, msichana mpole wa sura na mgumu wa shingo, na alikuwa amechumbiwa na kijana aitwaye Faki, mkwezi wa minazi, mrefu, mcheshi, mwenye nyayo ngumu kama ubao. Posa ilikwisha pokewa, na kilemba cha mjomba kilikwisha tolewa, na Bi Mize alikwisha sema ndiyo mbele ya watu. Lakini moyoni alikuwa hajasema. Kwa sababu marehemu mumewe naye alikuwa mkwezi, na alianguka mnazini asubuhi ya jua zuri, na akaletwa nyumbani juu ya kuti. Kuvunja neno lake aliona haya. Kumwambia Shuwena aliogopa. Basi siku moja alipokuwa peke yake jikoni, akasema kama anayesema na chungu: "Harisi, mwanangu, nawe hulioni dhara la mtu kuning'inia juu kule kama popo? Halafu aoe, aache mjane?"

Chungu hakikujibu. Lakini mvuke wake ulipinda kidogo.

Asubuhi yake minazi yote ya Pungwani ilikutwa imelainishwa shina kama kinu, haishikiki, na kamba zote za kukwelea zimo ghalani. Na Harisi akasimama sokoni akatangaza: "Enyi watu, nimefikiri juu ya ujane. Ni dhara kubwa. Basi hakuna mwanamke atakayeolewa na mwanamume anayeweza kufa."

Watu wakatazamana. Mzee mmoja akauliza, "Na asiyeweza kufa yuko wapi?"

"Nimetafuta nyumba zote," akasema Harisi. "Hayuko. Kwa hiyo ndoa zimesimama."

Na kweli zilisimama. Maharusi wakarudishwa njiani na hina mbichi mikononi. Faki akaja kwa Bi Mize, akakaa barazani nje na mikono yake mikubwa haina kazi, akasema, "Mama, mimi nimeambiwa niuze maji. Maji yapo chini."

Bi Mize akasema, "Ni kazi nzuri, mwanangu," na hakumtazama.

Na Shuwena, aliyekuwa amesimama nyuma ya pazia, akatoka, akasema, "Mama, nani aliyemwambia Harisi?"

"Nitajuaje mimi? Hakuna siri asiyoijua jini."

"Ujane ni neno lako, mama. Mji mzima hakuna anayelisema kwa sauti ile ila wewe."

Akaingia chumbani kwake akashusha pazia, na toka siku ile hakusema na mama yake neno lolote isipokuwa salamu. Shikamoo, mama. Basi. Na Bi Mize, aliyeomba hodi iondolewe, akawa anakaa na pazia la kitambaa chepesi katikati yake na mwanawe, na hana njia ya kulipita.

Akavumilia, akashindwa. Akavaa buibui akaenda kwa Sultani, akamkuta amekaa katika kiti chake cha pembe na waziri yuko kando, na Harisi amesimama nyuma yao.

"Ewe bwana wangu, Mola akupe umri," akasema Bi Mize. "Mimi ndiye niliyepaza sauti siku ile, na leo nimekuja kuirudisha. Mfunge Harisi aishie kizingitini kama zamani. Mwanangu haolewi, na mji wako hauna tui."

Sultani akasema kwa upole mkubwa, "Mama yangu, unalia kwa sababu hujui ni kiasi gani ninakupenda. Mtoto naye hulia akinyang'anywa wembe. Je, tangu siku ile amekufa mtu kwa moto?"

"Hakufa, bwana."

"Ameanguka mtu?"

"Hakuna aliyepanda, bwana, ataangukaje?"

"Basi shukuru," akasema Sultani, na waziri akatabasamu ndani ya ndevu zake.

Bi Mize akainamisha kichwa kama aliyekinai, na akawa anaitazama nyumba ile, ngazi zake za marumaru, na majambia ya dhahabu ukutani, na sinia ya halua iliyojaa. Akasema taratibu, "Nimeshukuru, bwana. Ila moyo wangu una wasiwasi kwako wewe. Amri ilisema kila nyumba ya Pungwani. Hii si nyumba? Au wewe huna wa kukupenda?"

Sultani akacheka. Waziri akacheka. Harisi hakucheka.

"Bwana wangu," akasema jini, na sauti yake ikawa ya mtu aliyekumbuka kosa, "ni kweli. Kila nyumba. Nisamehe nimechelewa." Na akayapeleka majambia ghalani, na akaziba ngazi, na akaondoa halua kwa sababu ya meno, na wake za Sultani akawatenganisha wasije wakagombana. Sultani akainuka akapiga kelele, "Acha! Mimi ndiye mwenye pete!" Lakini kwa ghadhabu alisahau kuanza na "Ewe Harisi", na bila hilo amri ya pete si amri. Na Harisi akaitazama pete.

"Hasa hiyo," akasema. "Katika mji huu mzima sijaona kitu kinachoweza kumdhuru mtu nyumbani mwake kama hiyo." Akamvua kidoleni polepole kama yaya, akamlaza ubavu wa kulia, akamfunika shuka mpaka kidevuni. "Na ghadhabu ni mbaya kwa moyo, bwana wangu. Lala."

Waziri Shaibu alikuwa amekwisha toka kwa dirisha.

Bi Mize alirudi nyumbani anajichekea kichinichini, lakini kabla hajafika kicheko kikamkauka. Maana alifahamu alilolifanya. Zamani jini alikuwa na bwana mmoja. Sasa hana hata mmoja, na amri ya mwisho inaendelea, na hakuna kidole kinachoweza kuifuta. Na kesho yake watu nao wakafahamu.

"Umetuponza, shoga," akasema Bi Kazija kwenye uchochoro, akitazama huku na huku kabla ya kila neno. "Ulitaka kumwondoa nyumbani kwako, umempa na kasri."

"Tulimpa sote. Na vigelegele tulipiga sote."

"Mimi sikupiga."

"Ulipiga, Kazija. Nilikuwa karibu yako, sikio likaniuma."

Bi Kazija akatazama tena huku na huku. Kisha akasema, "Pete ameiweka wapi?"

"Kwake. Nasikia hata ghala hakuliamini. Anailalia."

Wakatazamana wale wajane wawili, na kila mmoja akamshuku mwenziwe kwamba anafikiri jambo la kichaa, na kila mmoja hakukosea.

Adhuhuri Harisi akarudi kwenye kasha lake kupumzika, na Bi Mize akapanda mnara wa lango. Katika Pungwani hakuna aliyewahi kulifunua kasha lile, na wazee walisema anayeliingia bila hodi hageuki kuwa hata majivu. Lakini akajiambia: ameamriwa amkinge kila mtu na kila dhara, na mimi ni mtu. Nikikosea hesabu hii nitajua haraka. Hakupiga hodi. Akafunua kifuniko, akaingia na viatu vyake.

Na ndani ya kasha, ajabu ya maajabu, mlikuwa na nyumba pana kuliko kasri, kuta zake za moshi uliosimama wima, na zulia la upepo, na kitanda kirefu kama uchochoro, na Harisi amelala juu yake, tumbo lake wazi, chetezo cha udi kinawaka chini ya pua yake, na anavuta moshi wake macho yamefumba kwa raha.

"Ebo!" akasema Bi Mize. "Moshi wote huu kifuani?" Akachukua chetezo, akakimwagia maji.

Jini akaruka akawa mrefu mpaka akagonga dari. "Nani wewe? Nani amekuruhusu?"

"Hodi imeondolewa mjini, mwanangu. Nimekuja kukukinga. Kwa nini unalala chali? Geuka ubavu wa kulia."

Harisi akanyanyua mkono kumtupa nje, na mkono ukamwishia hewani, kwa sababu kumtupa ni kumdhuru. Akaushusha. Na Bi Mize akaanza kufagia. Akafagia zulia la upepo likamwagika pembeni, akahamisha kitanda, akafungua masanduku, akanusa mitungi, akasema hiki kikavu, hiki kichungu, hiki cha nini. Kisha akatoa kichwa juu ya kasha akawaita wenziwe waliokuwa wakingoja chini ya mnara, "Kazija! Njooni, nafasi ipo!"

Wakaja wanawake wa Pungwani kwa mikeka yao na vyungu vyao na watoto wao migongoni, na hakuna aliyepiga hodi. Bi Kazija akaweka jiko katikati ya sebule. Mwingine akamshika Harisi mguu, akasema kucha hizi zitamkwaruza, leteni jiwe la kusugulia. Mwingine akampima joto kwa kumwekea mkono shingoni. Wakamuuliza kwa nini hana mke. Wakajijibu wenyewe. Wakamjadili mbele yake kama watu wanaojadili bei ya kitoweo, wakasema ana tabia ya kununa, wakasema ni malezi.

Harisi akasema, "Tokeni, mama zangu. Nawasihi."

"Hatuwezi," akasema Bi Mize. "Tunakupenda."

Akawatolea lulu, vikapu kwa vikapu. "Weka hapo kizingitini," wakasema, "tutazichukua tukitoka," na wakaendelea kukaa. Akajifanya mwembamba kama uzi akajificha mvunguni, na mtoto mmoja akamwona akamvuta. Mwishowe yule jini mrefu kama mnara akakaa chini katikati ya zulia lake lililofagiwa vibaya, akashika kichwa, akapiga ukelele uliotikisa lango:

"Hii ni nyumba yangu! Nani aliyewakaribisha?"

Wakanyamaza wote, hata watoto. Na macho ya shaba ya Harisi yakazunguka polepole, kama mtu aliyesikia sauti ya mwingine ikitoka kinywani mwake. Kisha akaingiza mkono chini ya mto wake, akatoa pete ya akiki, akamnyooshea Bi Mize.

"Mwenye pete ndiye mwenye amri," akasema. "Mimi siwezi kujiamuru. Ivae, mama. Rudisha hodi."

Bi Mize akaivaa. Na hapa ndipo pabaya pa hadithi yote, kwa sababu pete ile ilikuwa na joto, nayo ilimkaa kidoleni kama iliyopimwa. Akamfikiria Shuwena. Akafikiri: neno moja tu. Niseme minazi yote iiname chini kama mpunga. Niseme Faki asife kabla ya mwanangu. Niseme lile pazia lipande na Shuwena atoke acheke nami kama zamani. Kuna ubaya gani? Ni mambo mema yote. Na uso wake ukawa mpole, mpole sana, na Bi Kazija akamwona akashtuka, maana uso ule aliwahi kuuona barazani, siku Sultani alipolia.

"Usituangalie hivyo, shoga," akasema Bi Kazija. "Sema upesi kabla hujanogewa."

Bi Mize akatikisa kichwa kama mtu anayefukuza nzi. Akasema: "Ewe Harisi! Linda ukuta na visima na soko, kama ulivyoagizwa kwanza. Na kizingiti ni mpaka wako, na mpaka wa kila atakayeivaa pete hii, awe Sultani awe mimi. Hodi mara tatu, na usipojibiwa geuka. Ila moshi ukitoka darini, au mtu akipiga yowe la kuomba msaada, hiyo ndiyo karibu, ingia. Zima moto utoke. Na ukiwa ndani usichungulie mvunguni."

"Labeka," akasema Harisi, na kwa mara ya kwanza ilisikika kama furaha.

"Na pete?" akauliza Bi Kazija. "Utakaa nayo wewe. Wewe tunakujua."

"Ndiyo maana nisikae nayo," akasema Bi Mize, akaivua upesi, na kidole kikabaki na alama nyekundu. "Hata mimi msiniamini."

Wakaitundika kwenye msumari katika lango la soko, mahali ambapo wauza samaki na wauza mboga na wapita njia wote huiona. Na Sultani Raufu akafunuliwa shuka, akaja, amekonda kidogo, akasimama mbele ya watu. Wakamwambia: ukitaka kumtuma Harisi, bwana wetu, utakuja hapa mchana, utaivaa tukikuona, utasema tukikusikia, kisha utairudisha. Sultani akaitazama pete, na akawatazama watu, na watu wakamtazama yeye, na hakuna aliyekuwa na haraka.

"Nilikuwa nawapenda," akasema.

"Tunajua, bwana," akasema Bi Mize. "Endelea. Lakini ukiwa nje."

Sultani akaona haya, kisha akakubali, na waziri Shaibu hakurudi, na hakuna aliyemtafuta. Ghala likafunguliwa, kila mtu akachukua kisu chake na mchi wake, na Harisi akaikwaruza minazi ikashikika tena, na Bi Kazija akaibeba mbuzi yake kichwani akapita nayo mji mzima.

Lakini jambo la Bi Mize lilikuwa halijaisha. Akarudi nyumbani, akasimama mbele ya lile pazia jepesi la chumba cha mwanawe, ambalo mtoto mchanga angeweza kulisukuma kwa kidole, akasema, "Hodi."

Kimya. Akasema tena. Akasema mara ya tatu, na hakujibiwa, na alisikia wazi kabisa mwanawe anapumua upande wa pili. Akageuka akarudi jikoni kwake. Na kesho akaja akapiga hodi, na akageuka. Na siku nyingine. Na kila alipogeuka alisema kidogo, si kwa pazia, kwa chungu tu: "Ni mimi niliyemwambia. Niliogopa."

Mpaka asubuhi moja, hodi ya pili ilikuwa bado mdomoni, ikatoka sauti ndani: "Karibu, mama."

Akaingia. Waliyozungumza siyajui, na hata ningeyajua nisingewaambia. Pazia lilikuwa limeshushwa.

Shuwena na Faki wakaoana, kwa ngoma na pilau na tui zito ambalo Pungwani ilikuwa imelisahau ladha yake, na zile lulu za kizingitini wanawake wakagawana, na fungu la Bi Mize likawanunulia maharusi shamba la minazi ya kutosha, wakawa matajiri. Harisi alialikwa. Alifika mlangoni, akapiga hodi kwa adabu, akakaribishwa, akala, akaondoka mapema, na kila mtu alimsifu. Bado, alipoondoka, Bi Kazija alitazama mvunguni.

Na kesho yake Faki akachukua kamba yake akapanda mnazi mrefu kuliko yote, na Bi Mize akasimama chini, amekaza kanga mdomoni. Alisimama hivyo mpaka nazi ya mwisho ikadondoka na kijana akateremka. Kisha akaenda kukamua mafuta.

Basi anayekuja kwako kukulinda, mshukuru, umpe maji, na umwache nje mpaka umwite. Na akija kwa mapenzi mengi, kaza komeo zaidi. Na hekaya yangu nimeiacha hapa kizingitini. Anayeitaka aingie nayo kwake, asiyeitaka aipite tu, mimi simshurutishi mtu.